Baiskeli ya changarawe mashambani Ufaransa: siku nne kutoka Auxerre hadi chimbuko la mto Yonne

Kijiji cha kwanza nilichokifikia na njaa huko Morvan, eneo la vilima na misitu la Bourgogne, Ufaransa, kilikuwa na kanisa, mnara wa majina ya waliokufa katika vita vya 1914, ofisi ya meya yenye bendera, na duka la mikate lililofungwa. Ilikuwa saa sita na dakika kumi mchana. Kibao mlangoni kilisema watafungua tena saa kumi. Nikakaa kwenye ngazi za kanisa, nikamaliza tende nne zilizobaki mfukoni, kisha nikapanda baiskeli na kilomita 22 za vilima mbele yangu. Miguu ilikuwa mizima na baiskeli haikuwa na tatizo lolote. Kilichonipiga ni ratiba.

Ndiyo maana humu nitazungumzia saa za duka kwa kirefu kuliko mazoezi ya mapafu. Mtu mwenye nguvu za kawaida, anayeweza kukaa juu ya baiskeli saa tano kwa siku, ataimaliza njia hii. Asiyeimaliza mara nyingi ni yule aliyefika Jumatatu.

Changarawe ya huko ikoje

Baiskeli ya changarawe Wafaransa huiita gravel, kwa jina lile lile la Wamarekani. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli ya mashindano, lakini tairi ni nene, breki ni za diski, na fremu ina nafasi ya kufunga mizigo. Kwetu mchezo huu si mgeni: Migration Gravel Race ya Maasai Mara ilianza mwaka 2021. Ufaransa nako Tour de France ya Julai 2024 iliwapitisha waendeshaji kwenye njia nyeupe za mashamba ya mizabibu karibu na Troyes, vipande 14 kwa siku moja, na waliokuwa wakiidharau changarawe wakaona vumbi limewapaka waendeshaji wakubwa nyuso nyeupe kama wasaga unga.

Aliyezoea moramu ya kwetu atashangazwa na mambo mawili. Kwanza, yale mawimbi ya barabarani yanayotikisa meno huko ni machache, kwa sababu njia hizi hazipitwi na magari ya kasi. Pili, badala ya mawimbi kuna mawe makali yaliyopondwa na kumwagwa kwa ajili ya malori ya magogo, na chini ya miti kuna tope lisilokauka hata baada ya siku tatu za jua.

Njia nimeichagua kwa sababu moja: inapanda na mto. Unaanza Auxerre, mji wa Bourgogne ulio kando ya mto Yonne, na siku ya tatu unafika mahali mto huo unapochimbuka. Kwa zaidi ya karne tatu, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kuni zilizoipa Paris moto zilikatwa katika misitu ya Morvan, zikatupwa kwenye vijito, zikaunganishwa kuwa mashua za magogo na kuteremshwa na Yonne. Wewe unakwenda kinyume cha kuni. Ardhi nayo inabadilika chini ya tairi. Upande wa Auxerre ni chokaa, vumbi jeupe linalokauka upesi. Ukiingia Morvan ni graniti, mchanga mbichi, chemchemi kila kona, na misitu iliyoshiba maji.

Chagua siku kabla ya kuchagua tairi

Majira mazuri ni Juni yote na nusu ya kwanza ya Septemba. Juni jua linakaa hadi karibu saa nne usiku, kwa hiyo hata ukikosea njia una muda wa kujirekebisha. Mei inavutia kwa maua lakini ina mtego: tarehe 1 na 8 ni sikukuu, halafu Alhamisi ya Kupaa na mara nyingine Jumatatu ya Pentekoste huangukia humo humo, na Wafaransa huunganisha sikukuu na wikendi wakafunga duka siku nne. Agosti wenye maduka ya mikate nao huenda likizo. Kibao kitakuambia *congés annuels*, na hapo hakuna wa kumlalamikia. Julai na Agosti joto kali linaweza kukaa wiki nzima.

Anza safari Jumanne. Nasisitiza. Mashambani Ufaransa Jumapili mchana hadi Jumatatu jioni ni kipindi kilichokufa: duka la vyakula limefungwa, mkahawa umefungwa, duka la mikate pengine limefungwa. Ukianza Jumanne ukamaliza Ijumaa, unapita katikati ya wiki kila mlango ukiwa wazi kwa saa zake. Faida ya pili inakuja vuli: wawindaji hutoka zaidi wikendi.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, viza ni ya Schengen ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima igharimie angalau yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla. Tatizo la mwendesha baiskeli ni kwamba kila usiku analala mahali tofauti, na mkaguzi wa maombi anapenda kuona anwani. Weka nafasi zote za kulala mapema, zile zinazoruhusu kughairi, na ambatisha ukurasa mmoja wa ratiba wenye tarehe, mji na kilomita. Hakikisha pia bima inataja baiskeli, maana baadhi hulipa aliyeteleza hotelini na kumkwepa aliyeanguka msituni. Msomaji wa Bukavu au Lubumbashi ana kitu ambacho sisi wengine hatuna: Kifaransa tayari kiko mdomoni.

Baiskeli na vifaa

Tairi ziwe na upana wa milimita 40 hadi 45. Nyembamba zaidi utateseka siku ya pili na ya tatu. Nene zaidi utaburuta uzito bure kando ya mfereji siku ya kwanza. Ziwe zile zisizo na tyubu ndani, zenye maji ya kuziba matundu. Sababu ni mti mmoja mdogo uitwao *prunellier*, wenye miiba migumu kama misumari, ambao ndio ua wa mashamba mengi. Trekta ya wilaya inapofyeka ua huo, miiba hutawanyika njiani. Tairi ya kawaida itapata pancha mbili kabla ya chai. Hata hivyo beba tyubu mbili, vijiti vya mpira vya kuziba tundu kubwa, na pampu ya mkono.

Upepo usijaze kama unabeba gunia la mkaa. Mtu wa kilo 70 mwenye mzigo wa kilo 10, kwenye tairi ya milimita 45, anatosheka na bar 2 hadi 2.5, nyuma zaidi kidogo kuliko mbele. Ukisikia ringi inagonga jiwe, ongeza. Ukiwa unarukaruka kama mpira, punguza.

Gia ndiyo mahali ambapo watu hujidanganya. Vilima vya Morvan si virefu. Kilele chake, Haut-Folin, ni mita 901 tu. Lakini vinakuja kimoja baada ya kingine, na njia za msitu hupanda bila kona. Hakikisha gia yako nyepesi kabisa ina meno mengi nyuma kuliko mbele, kwa mfano 38 mbele na 42 au 44 nyuma. Kama fundi wako wa mtaani ana gia za zamani za baiskeli ya milimani, ni bora kuliko gia za kujionyesha.

Mizigo ifungwe kwenye fremu, usukani na nyuma ya tandiko, isizidi kilo 10. Kipande kidogo cha chuma kinachoshika mtambo wa gia za nyuma kibebe cha akiba. Ni chepesi kuliko yai na kikivunjika safari imekwisha, maana kila fremu ina umbo lake na fundi wa kijijini hatakuwa nacho. Kinaitwa *patte de dérailleur*. Tyubu ni *chambre à air*. Haya mawili yakariri.

Kuchora njia

Programu za simu zitakupa njia kwa sekunde tano, na katika hizo kuna kilomita nne zitakazokufanya ubebe baiskeli begani. Ramani nyingi za programu hizo hutokana na OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, ambako njia za shamba zimepewa madaraja kuanzia grade1 hadi grade5. La kwanza ni njia iliyoshindiliwa vizuri, la tano ni alama tu za matairi kwenye nyasi. Kwa baiskeli iliyobeba mizigo kubali la kwanza hadi la tatu. La nne kwa tahadhari, la tano siku ya mvua hapana.

Kisha fungua tovuti ya ramani ya serikali ya Ufaransa, iliyojulikana kwa jina la Géoportail, uweke juu ya njia yako ramani ya IGN, taasisi ya taifa ya ramani, ya kipimo cha 1:25,000. Mstari uliokatikakatika ni njia ya miguu. Njia ya miguu GR 13 inapita Morvan, ni nzuri sana kwa miguu, na ina mizizi na mawe yatakayokutupa. Ukiona njia yako imeifuata GR kwa muda mrefu, ihamishie kwenye *route forestière*, barabara ya msitu. Halafu badili kwenda picha ya angani na ukague kila kipande unachokitilia shaka. Kazi hii ilinichukua jioni mbili, na iliniokolea nusu siku.

Kibao cha *propriété privée* kiheshimu. Tangu sheria ya Februari 2023, kuingia katika shamba au msitu binafsi uliowekewa alama wazi ni kosa la faini. Njia iitwayo *chemin rural* ni ya kijiji na iko wazi kwa umma. Vizuizi vya chuma vinavyozuia magari kuingia msituni kwa kawaida havimzuii mwenye baiskeli, isipokuwa kibao kiseme vinginevyo.

Hesabu yako ya siku: kilomita 60 zenye mita 1,000 za kupanda ni siku nzima. Usilinganishe na kilomita za lami.

Kufika Auxerre

Treni za mkoa, zinazoitwa TER, huondoka Paris katika kituo cha Bercy. Kiko mwendo wa miguu kutoka Gare de Lyon, na kila siku kuna mgeni anayekimbia kutoka kimoja hadi kingine akisukuma baiskeli. Ama unapanda ya moja kwa moja hadi Auxerre, ama unabadilisha Laroche-Migennes, na safari ni chini ya saa mbili au zaidi kidogo. TER ina ndoano au nafasi ya baiskeli nzima bila kuifungua. TGV, treni ya kasi, ni habari nyingine: nafasi ni chache na zinawekwa mapema, au baiskeli iwe imefunguliwa ndani ya mfuko. Kwa safari hii TGV huihitaji.

Sanduku ulilokuja nalo kwenye ndege liache hotelini Paris, kama utarudi kulala hapo hapo. Omba kwa barua pepe kabla hujakata tiketi.

Siku ya kwanza, Jumanne: Auxerre hadi Vézelay, kama kilomita 65

Kutoka kituoni unavuka mto na kushika njia ya pembeni ya Canal du Nivernais, mfereji wa kilomita 174 uliochimbwa kwa ajili ya zile zile kuni za Paris. Farasi walikuwa wakivuta mashua wakipita hapa. Sasa wanapita wazee wenye fimbo za kuvulia samaki, na ni adabu kupiga kengele mapema na kusema *bonjour*. Njia ni tambarare, kipande lami kipande changarawe laini. Usikimbie. Ni siku ya kuujua mzigo wako: kipi kinagongagonga, kamba ipi imelegea.

Karibu na Merry-sur-Yonne majabali ya Saussois yanasimama wima juu ya mto, na mara nyingi kuna watu wamening'inia kwa kamba. Pale Châtel-Censoir unauacha mfereji. Nunua chakula hapo, maana mbele ni mashamba na kupanda. Kama kilomita 20 za mwisho unapita njia nyeupe za chokaa kati ya ngano, na Vézelay inaonekana mbali juu ya kilima chake. Kanisa lake la Mtakatifu Maria Magdalena liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1979. Mwaka 1146 mtawa Bernard wa Clairvaux alihubiri hapo kuwaita watu kwenye vita vya pili vya msalaba. Barabara ya kijiji ni mwinuko wa mwisho na mkali. Shuka usukume, hakuna anayekuhesabia.

Siku ya pili: Vézelay hadi ziwa la Settons, kama kilomita 65

Hapa ndipo chokaa inakwisha. Unashuka hadi Saint-Père, unafuata mto Cure hadi Pierre-Perthuis, na baada ya hapo msitu unakufunga. Lenga Quarré-les-Tombes ufike kabla ya saa tano na nusu. Kijiji hicho kina majeneza ya mawe ya kale yamezunguka kanisa, lakini kwako umuhimu wake ni kwamba mlango wa duka bado uko wazi. Nunua cha mchana.

Mbele kuna monasteri ya Pierre-qui-Vire, iliyoanzishwa 1850, ambako watawa hutengeneza jibini linaloitwa jina hilo hilo. Kisha ziwa Saint-Agnan, na Saint-Brisson yenye ofisi ya Hifadhi ya Morvan, iliyoundwa 1970, pamoja na jumba la makumbusho la wapinzani wa Wanazi. Pita ndani kama una nusu saa. Utaelewa kwa nini nyumba za Montsauche na Planchez zinaonekana mpya kuliko makanisa ya vijiji jirani: Juni 1944 jeshi la Wajerumani lilivichoma vijiji hivyo, na pale Dun-les-Places liliwaua wanaume 27.

Kuna historia nyingine ya huku isiyo na mnara mkubwa. Katika karne ya 19 wanawake wa Morvan waliacha watoto wao wachanga vijijini wakaenda Paris kuwanyonyesha watoto wa matajiri, na kwa mshahara huo walijenga nyumba ambazo watu wa huko waliziita nyumba za maziwa. Aliye na dada au shangazi anayelea watoto wa watu Uarabuni hahitaji kueleweshwa.

Settons ni ziwa la kutengenezwa na watu. Bwawa lake lilijengwa miaka ya 1850 ili maji yafunguliwe na kusukuma magogo. Kuna kambi za mahema ukingoni. Maji ni baridi, lakini baada ya siku hii hutajali.

Siku ya tatu: Settons hadi Saint-Léger-sous-Beuvray, kama kilomita 65

Siku ngumu. Ondoka saa moja na nusu asubuhi. Château-Chinon, ambako François Mitterrand alikuwa meya kuanzia 1959 hadi alipochaguliwa rais 1981, ni mji wa mwisho wenye duka kubwa la vyakula hadi kesho. Jaza mifuko. Baada ya Arleuf unapanda Haut-Folin kwa barabara za msitu katikati ya mibetula, mifune na misunobari ya Douglas iliyopandwa kwa safu. Sehemu nyingine msitu umefyekwa wote, kilima kimebaki visiki, na wenyeji wanagombana juu ya jambo hilo kwa hasira zote za mkutano wa kijiji. Ukisikia mashine za kukata, simama. Usipande kamwe juu ya lundo la magogo kupiga picha, huporomoka.

Chini ya kilele, kwenye eneo la Glux-en-Glenne, fuata vibao vya *sources de l'Yonne*. Mto ule mpana wa Auxerre hapa ni maji ya kuruka kwa hatua moja.

Kisha Mont Beuvray, mita 821. Juu yake palikuwa na Bibracte, mji mkuu wa kabila la Waedui, ambako mwaka 52 kabla ya Kristo Vercingetorix alithibitishwa kuwaongoza Wagalia, wenyeji wa kale wa Ufaransa, dhidi ya Julius Caesar wa Roma. Acha baiskeli kwenye jumba la makumbusho upande kwa miguu. Pembeni mwa njia kuna mifune mizee iliyokuwa ua wa shamba, matawi yake yalisukwa na wakulima wa zamani, na sasa imejinyonganyonga. Mteremko hadi Saint-Léger una mawe yaliyolegea, kwa hiyo breki zote mbili, taratibu.

Siku ya nne: hadi Étang-sur-Arroux kupitia Autun, kama kilomita 45

Miguu ikigoma, Étang-sur-Arroux iko karibu, nusu siku inatosha. Ikikubali, zunguka Autun, mji uliojengwa chini ya Kaisari Augusto baada ya Waedui kuteremshwa kutoka Beuvray. Una ukumbi wa michezo wa Kirumi na kanisa la Saint-Lazare lenye mchongo wa Siku ya Hukumu mlangoni. Ng'ombe weupe wanaokutazama njia nzima ni wa Charolais. Ukifungua geti la malisho, lifunge, na kamba nyembamba ya njano au nyeupe kwenye ua ni umeme. Nimeijaribu kwa goti.

Kula na kunywa

Sasa turudi kwenye kibao cha mlangoni. Wafaransa huandika saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 12h ni saa sita yetu mchana na 14h ni saa nane. Duka la mikate kijijini hufunguka mapema, hufungwa kati ya saa sita na saa saba, hufunguka tena saa tisa au kumi. Mkahawa hupokea wateja wa mchana kuanzia saa sita hadi saa saba na nusu. Ukifika saa nane kasoro robo, jiko limezimwa, na uso wako wa huruma hautaliwasha. Jioni ni saa moja hadi saa tatu.

Kwa hiyo nunua chakula cha mchana asubuhi, siku zote, hata kama una uhakika wa mkahawa. Beba na mlo mmoja wa dharura usioguswa: karanga, tende, jibini gumu. Baadhi ya vijiji vina mashine ya kuuza mikate nje ya ofisi ya meya, ya saa 24. Weka sarafu na kadi vyote viwili.

Kwa Mwislamu, Bourgogne ni nchi ya nguruwe na mvinyo, na vyote viwili hujificha. Vipande vidogo viitwavyo *lardons* humwagwa kwenye saladi bila onyo, na mayai ya *en meurette* hupikwa kwa mvinyo. Sema *sans porc, sans alcool* kabla hujaagiza. Salama yako ni kimanda cha jibini, samaki wa trauti, supu ya mboga ukiuliza mchuzi wake, na mkate wenyewe. Tende za kutoka nyumbani hazijawahi kuniangusha.

Maji: beba lita mbili. Mabomba ya vijiji mengi yana kibao, *eau potable* ni ya kunywa, *eau non potable* siyo. Mabwawa mazuri ya kufulia ya zamani, *lavoir*, usiyanywe. Ukikauka, tafuta makaburi. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wote wa Ufaransa hujaza chupa hapo. Ingia kwa utulivu, funga geti ukitoka.

Na popote utakapoingia, salimu kwanza. Anayeanza na swali bila *bonjour* hupewa jibu fupi. Mswahili hahitaji somo hapo. Ni ile ile hodi.

Kulala

Kambi ya kijiji, *camping municipal*, ni ya bei nafuu na huwa wazi majira ya joto. *Gîte d'étape* ni nyumba ya wasafiri yenye vitanda vingi. Ninayoipenda ni *chambre d'hôtes*, chumba nyumbani kwa mtu, hasa yenye *table d'hôtes*, yaani chakula cha jioni mezani na wenyeji, kwa sababu inamaliza tatizo la mkahawa. Agiza siku moja kabla. Penye alama ya Accueil Vélo utapata pa kufungia baiskeli na vifaa vya kuitengeneza.

Sheria na hatari

Gari likikupita nje ya mji linatakiwa kukuachia mita moja na nusu. Makutano yasiyo na alama hupewa anayetoka kulia, hata kama ni trekta na wewe uko kwenye mteremko. Spika za masikioni ni marufuku. Usiku au ukungu ukiwa nje ya mji, kizibao cha kung'aa ni lazima, pamoja na taa.

Uwindaji huanza Septemba na kwenda hadi mwisho wa Februari. Ukikuta kibao *chasse en cours*, usiingie. Rudi, zunguka kwa lami. Vaa rangi ya chungwa, si kijani cha kupendeza.

Kupe wa msituni wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Kila jioni jikague nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni. Ndoano ya kuwatolea, *tire-tique*, inauzwa kila duka la dawa, nunua Auxerre. Duara jekundu likianza kutanuka kwenye ngozi, hata baada ya wiki kadhaa, muone daktari na umwambie ulikuwa wapi. Namba ya dharura ni 112, na kwa kuwa mabondeni simu hukosa mtandao, mwache mtu nyumbani na ratiba yako.

Kurudi

Étang-sur-Arroux iko kwenye reli ya Nevers na Dijon, na kutoka Dijon zipo TER za kurudi Paris. Safari inachukua sehemu kubwa ya siku, hivyo tiketi ya ndege isiwe ya Ijumaa ile ile. Jumamosi tafuta mahali pa kuoshea magari, osha tope lote la Morvan kwenye tairi na chini ya fremu kwa maji ya taratibu, kausha mnyororo na uupake mafuta kabla ya kufunga sanduku. Tope la graniti likikauka ndani ya breki za diski, fundi wako atalisikia kabla hujafika mlangoni kwake.